Kisu cha Kumngojea Winchi

Katika soko la nyama neno "mwizi" halikusemwa ovyo. Mtu akipoteza pochi alinyamaza kwanza, akajipapasa mwili mzima, akawauliza majirani kwa sauti ya chini, kwa sababu alijua kwamba neno hilo likishatoka kwa nguvu halirudi mdomoni. Wachukuzi wangeacha mikokoteni katikati ya njia, wauza nyama wangeruka meza zao, na kabla mwenye pochi hajagundua kwamba ameishika mkononi, mtu fulani angekuwa chini, hana meno.

Mchungaji wa kanisa la mabati nyuma ya soko alilijua hilo vizuri, maana siku za kazi alikuwa fundi viatu palepale. Watu walimtania kwamba Jumapili anashona roho na Jumatatu anashona soli. Lakini Jumapili moja mahubiri yalimpanda kichwani. Alianza na wale wasichana waliotoka kumlaki bwana arusi, wengine na mafuta ya akiba, wengine na taa za kuazima moto. Akaja kwa mwenye nyumba aliyelala fofofo siku ya kuvunjiwa. Akapiga meza.

"Bwana atakuja kama nani?"

Watu wakanong'ona.

"Mnaona haya? Semeni! Atakuja kama nani?"

"Kama mwizi."

"Sisikii!"

"Mwizi!" kanisa zima likapaza sauti. "Mwizi! Mwizi!"

Soko halikuwa na Jumapili. Mlango ulivunjwa kabla ya amina. Wachukuzi waliingia na mipini na nondo, wakamkuta mlangoni mzee mpokea wageni, ameshika kikapu cha sadaka. Wakatafute ushahidi gani mwingine? Pigo la kwanza lilimvunja mkono. La pili lilimpasua paji la uso, na mzee akaanguka kifudifudi, sarafu zikatapakaa kwenye damu. Kina mama walipiga mayowe, na mayowe yaliwazidishia wapigaji nguvu. Mchungaji alishuka mbio akaudandia mpini wa mmoja wao kwa mikono miwili, akaning'inia nao.

"Acheni! Huyu siyo mwizi!"

"Mwizi yuko wapi basi?"

"Ni Bwana! Bwana ndiye anayekuja kama mwizi!"

Mchukuzi alisimama, jasho likimtiririka, asijue aushushe mpini au auache juu. "Kaiba nini?" akauliza.

Baadaye watu waliicheka sana habari hiyo, hata yule mzee mwenyewe, mkono ukiwa ndani ya plasta. Lakini kwenye benchi la nyuma alikuwapo mtu mmoja ambaye hakucheka siku hiyo wala siku nyingine. Mlango ulipovunjwa hakukimbia, hakupiga kelele. Aliingiza mkono ndani ya koti, akashika mpini wa kisu, akawatazama walioingia uso mmoja baada ya mwingine. Alipoona kwamba aliyekuwa akimngoja hayumo, akautoa mkono mtupu.

Jina la kuzaliwa la mtu huyu lilijulikana nyumbani kwake tu. Sokoni aliitwa Tayari. Alikuwa mnoa visu, na kila akimaliza kisu alikijaribu kwenye ukucha wa kidole gumba, akakiinua juu, akaita, "Tayari!" Mwenyewe, popote alipo, alisikia akaja. Kazi aliifanya juu ya baiskeli isiyokwenda popote: gurudumu la nyuma limeinuliwa kwenye stendi ya chuma, mkanda wa mpira umetoka kwenye gurudumu mpaka kwenye jiwe la mviringo mbele ya usukani, na juu ya jiwe kopo lenye tundu, likidondosha maji ili chuma kisiungue. Alikuwa mkimya kupita kiasi.

"Huyu leo ameongea?" wauza nyama waliulizana.

"Ameongea. Amesema tayari."

Aliyemweza kwa maneno alikuwa mama mmoja mnene, muuza maini na matumbo, ambaye mdomo wake haukuwa na breki. Walimwita Mama Maini.

"Wewe Tayari, kinoe vizuri hiki. Jana nilikuwa kama nakata ini kwa kijiko."

"Jana ulikatia mfupa."

"He! Kumbe ulimi unao! Nilidhani mkeo aliukata akauunga na nyanya."

Zamani walikuwa wawili pale kwenye jiwe. Mdogo wake ndiye aliyepeleka visu vya wateja wa mbali, maana yeye kaka miguu yake ilikuwa ya pedali. Mdogo mtu alikuwa mcheshi, anayewajua watu kwa majina ya kwao, anayesalimiana na soko zima. Asubuhi moja kazi ilipozidi, Tayari alimpa fungu la visu akamwambia, "Kimbia, watu wanangoja." Akakimbia. Kwenye kona ya wauza vichwa vya ng'ombe akamgonga mwanamke mmoja, mwanamke akapiga kelele, na mchukuzi aliyekuwa akishusha mzigo akageuka, akamwona mtu anayekimbia na visu mkononi.

"Mwizi huyo!"

Mchukuzi huyo aliitwa Winchi, kwa kuwa alinyanyua peke yake mizigo inayotaka wanaume wanne. Winchi ndiye aliyeita, na Winchi ndiye aliyetangulia kupiga, kwa nondo. Wengine walifuata kama nzi.

Tayari alizisikia kelele zile. Alisikia hata vipigo, maana mwili wa mtu aliye hai ukipigwa una mlio wake, si kama wa nyama ya mezani. Hakuinua mguu kwenye pedali. Kelele za mwizi hapo sokoni zilikuwa jambo la kila wiki. Alikimaliza kisu alichokuwa nacho, akakiinua, akaita, "Tayari!" Akageuka kumpa mdogo wake akipeleke, hakumwona.

Alipofika kwenye kona, watu walikwisha kutawanyika. Mdogo wake alikuwa amelala kwenye mfereji wa damu ya ng'ombe, na damu yake ikienda pamoja na hiyo bila kutofautiana. Uso haukuwa na umbo la uso. Alimtambua kwa kiraka cha kiatu.

Polisi walikuja wakauliza nani amepiga. Hakuna aliyepiga. Soko zima, kwa maelezo yake, lilikuwa limeinama likifunga kamba za viatu. Mama Maini peke yake alisema, "Winchi. Na mimi niliona nikanyamaza, andikeni na hilo." Lakini Winchi alikwisha kuondoka mjini.

Visu viliokotwa, wenyewe wakarudishiwa. Kimoja, kisu cha kuchunia ngozi, mwenyewe alikikataa. Tayari akakichukua. Alikitia ala ya ngozi, akakivaa kiunoni chini ya koti, na tangu siku hiyo alikuwa akimngoja Winchi arudi.

Kila Jumamosi alikinoa kisu kile, ingawa kilikuwa hakijakata kitu. Alikipitisha kwenye jiwe, akakimalizia kwenye jiwe dogo la mkononi, akakipaka mafuta. Hapo alifanya kosa ambalo mnoa visu yeyote angemfokea mteja akilifanya. Kisu kinachonolewa bila kazi hakizidi kuwa kikali, kinaliwa tu. Jiwe linakimega. Kile kilichoanza na upana wa vidole vitatu kikabaki viwili, halafu kimoja, mwisho kikawa kama sindano ya kushonea magunia. Kwa macho yake mwenyewe, yaliyohukumu visu vya soko zima, Tayari aliuona wembamba ule akauita ukali.

Na yeye alikuwa akiliwa vilevile. Chakula kilimkinaisha, usingizi ukampotea. Siku moja mchukuzi mgeni, mwenye mgongo mpana, alipita mbele ya jiwe akiwa ameinamia mzigo. Tayari aliruka kutoka kwenye baiskeli akamkaba kwa nyuma, akambana mpaka macho yakamtoka na mate yakamchuruzika kifuani, ndipo akamgeuza na kuona siye. Mgeni yule alibaki anakohoa chini. Tayari alipanda tena baiskeli yake akaendelea kukanyaga, hata samahani hakusema.

Mkewe alijua yote. Alikuwa mwimbaji wa kanisani, mama mwembamba asiyepayuka, lakini neno lake likitoka lilikaa.

"Baba watoto, Jumamosi nyingine tena?"

"Kisu kinataka kutunzwa."

"Wale wasichana wa mchungaji walikosa mafuta. Wewe unayo kopo zima." Alilitazama lile kopo la mafuta ya kisu. "Sasa siku ya mlango kugongwa, utawasha nini na hayo?"

"Nani atagonga?"

"Shemeji yangu alikufa mara moja. Wewe unamuua kila Jumamosi."

Usiku huo Tayari alikilaza kisu chini ya mto wake, upande wa ukutani, mbali na mkewe.

Kanisani alikwenda, tena hakukosa, na mahubiri aliyoyapenda ni yale ya kujiweka tayari. Mchungaji akisema, "Ndugu zangu, muwe tayari," vijana waligeuka wakamtazama na kucheka, na yeye aliitikia kwa ndani, akijiambia: Mimi niko. Hawa wote wamelala, mimi niko macho. Hakuwa akifanya mzaha. Aliamini kabisa kwamba katika kanisa lile yeye ndiye aliyefahamu somo.

Kesho yake baada ya mzee wa mlangoni kupigwa, mchungaji alimfuata kwenye jiwe na kisu chake cha kukatia ngozi za viatu.

"Ndugu yangu, jana nilikuona. Mkono ndani ya koti."

"Ndiyo."

"Kule ndani kuna nini?"

"Kazi yangu."

"Jumapili?"

"Si wewe unatuambia tuwe tayari?"

Mchungaji alivuta kigoda akakaa, cheche zikimrukia magotini.

"Tayari kwa nani, ndugu yangu?"

"Kwa yule anayekuja."

"Na akija yule mwingine kwanza? Akukute umekaa mlangoni na hicho, unamngoja mtu wako?"

Tayari alikijaribu kisu cha ngozi kwenye ukucha. "Tayari," alisema, akamrudishia, wala hakukiinua juu.

Tangu siku hiyo mchungaji hakulitaja tena neno mwizi kanisani. Alisema, "yule mgeni asiyepiga hodi."

Winchi alirudi siku ya kawaida kabisa, saa za chai, jua likiwaka, wateja wamepanga foleni. Tayari alikuwa amemngoja kwa kila namna: amemngoja jioni kwenye kichochoro, amemngoja mlangoni kwake, amemngoja akija na genge la watu. Katika foleni alisimama mtu aliyekauka, anayeburuta mguu, shati limemzidi mabega, ameshika panga butu lenye kutu. Tayari hakumtazama mara mbili.

"Habari ya kazi, kaka."

"Nzuri. Lete."

Akalinoa lile panga. Lilikuwa na mapengo, likamtoa jasho.

"Unanoa kama zamani," yule mtu alisema.

"Ulikuwapo zamani?"

"Nilikuwa mchukuzi hapa."

"Wachukuzi walikuwa wengi."

"Wengi, ndiyo." Mtu yule alilitazama panga lake. "Ungekuwa umeshanitambua, nisingechelewa kusema."

Tayari alilijaribu panga kwenye ukucha, akaliinua, akaita, "Tayari!" ingawa mwenyewe alikuwa mbele yake. Akampa mkononi. Mtu yule alilipokea, akaliweka chini taratibu, mbali na miguu yao wote wawili.

"Ni mimi, kaka. Winchi. Nimekuja nikwambie jambo moja kuhusu mdo..."

Hakumaliza. Tayari alikuwa amekwisha kuruka usukani. Kisu kilitoka kwenye ala kikaenda usoni, na Winchi aliinua mkono. Kikaingia katikati ya mifupa miwili ya mkono kama kwenye siagi, na Tayari alipokivuta ili apige mara ya pili, kikalia. Kikakatika. Alibaki ameshika mpini na kipande kisichofika urefu wa ukucha.

Hapo alipiga kwa mpini. Alipiga kwa kichwa, akasikia pua ya Winchi ikipondeka. Walianguka juu ya baiskeli, mkanda ukakatika, jiwe likabingirika na kumponda mteja mmoja vidole vya mguu. Tayari alimuuma sikio mpaka akaonja chumvi. Winchi hakupiga hata ngumi. Alijikwamua tu, akasimama, akaanza kukimbia kuelekea meza za nyama, mguu ukiburuta, damu ikimwagika mkononi, chuma kikiwa bado kimechomoza.

Miaka yote hiyo Tayari alikuwa ameuandaa mkono. Mdomo hakuuandaa. Alitazama mpini mtupu, akatazama mgongo unaokwenda zake, na neno likatoka lenyewe.

"Mwizi!"

Soko likaamka.

Walimkamata Winchi palepale penye meza za maini. Mpini wa kwanza ulimpata magotini. Alipopiga goti, mtu alimpiga teke la taya, na watu waliosimama mbali walilisikia taya. Mwingine alikuja na mnyororo wa baiskeli ameukunja mkononi. Mwingine alikuja na jiwe la kupimia uzito. Kijana muuza mifuko, ambaye hakujua hata kilichoibwa, alipenya chini ya makwapa ya wakubwa, akapiga mateke mawili mbavuni, akatoka akitabasamu. "Leteni mafuta ya taa!" sauti ilisema nyuma. "Mafuta! Na tairi!"

"Mpisheni mwenyewe!" mchukuzi mmoja alipiga kelele. "Mwenye mali huyo anakuja! Tayari, njoo umalizie."

Wakampisha njia kama mgeni rasmi. Mtu akamtia nondo mkononi, ya moto kwa jasho la mwenye kuitoa. Winchi alikuwa amelala ubavu, anajikunja. Wapigaji hawakusubiri sana. Mpini mmoja ulishuka tena mgongoni, puu, na mwingine, puu.

Ndipo Tayari alipousikia ule mlio. Aliwahi kuusikia akiwa kwenye pedali, na safari hii hapakuwa na jiwe la kuufunika. Ulikuwa ni uleule. Haukuwa umebadilika hata kidogo kwa sababu aliyepigwa sasa alikuwa Winchi.

"Piga kichwa!" walimhimiza. "Kaka, unangoja nini?"

"Hakuiba," alisema Tayari.

"Nini?"

"Hajaiba kitu. Nimesema uongo."

Maneno yale hayakufika popote. Aliyasema tena kwa nguvu, yakamezwa. Mchukuzi mmoja tu aliyekuwa karibu ndiye aliyesikia, na uso wake ukabadilika kwa hasira ya mtu anayenyang'anywa sahani.

"Unatuchezea? Tumeacha mizigo yetu! Basi mwizi ni wewe!"

Tayari aliitupa nondo. Akajitupa na yeye, mwili wote, juu ya Winchi, akamfunika kichwa kwa kifua chake na kuingiza vidole kwenye shati la yule mtu ili asibanduliwe. Mapigo yaliyokuwa yamekwisha kuinuliwa hayakuwa na pa kwenda isipokuwa mgongoni kwake. Alisikia mbavu zake zikienda, moja, halafu nyingine. Mnyororo ulimzunguka shingo ukaondoka na ngozi. Wapo waliokuwa wakimvuta miguu ili kumwokoa, na wapo waliokuwa wakimpiga, na wengine walifanya yote mawili. Jicho la kushoto liliona mwanga mweupe, kisha halikuona tena. Chini yake, Winchi alikuwa akipumua kwa mlio wa povu, na Tayari alizishika zile pumzi kama mtu anayehesabu pedali: bado, bado, bado.

Ghafla kukawa na nafasi.

Mama Maini alikuwa amepanda juu ya meza yake, akashuka upande wa pili na shoka la kukatia mifupa. Alilizungusha mara moja, likakata mpini wa mchukuzi vipande viwili, na mchukuzi akatazama kipande alichobaki nacho.

"Haya!" alisema Mama Maini, akihema. "Nani mwanaume hapa? Aje nimpime kilo!"

"Mama, ni mwizi huyo!"

"Mwizi mama yako! Safari ile nilinyamaza mkaua mtu asiye na kosa mbele ya meza yangu, nikauza maini mpaka jioni. Leo simlazi mtu mwingine hapa. Wewe! Weka hilo kopo la mafuta chini au nikupasue pamoja nalo."

Kopo likawekwa chini. Wale wa nyuma wakaanza kukumbuka mizigo yao. Baada ya muda mfupi tu soko likawa tena limeinama linafunga kamba za viatu.

Hospitali waliwaweka wodi moja, kitanda kwa kitanda, kwa kuwa hapakuwa na nafasi kwingine. Jicho la Tayari halikurudi. Winchi alibaki na vidole viwili visivyokunja tena, na taya lake lililovunjika mahali pawili walilifunga kwa nyaya, meno ya juu na ya chini, akawa ananywa uji kwa mrija. Askari alikaa mlangoni kwa ajili ya Tayari, maana polisi walipokuja na maswali, Tayari alisema kabla ya kuulizwa: kisu changu, mkono wangu, na neno nimelitoa mimi. Askari aliandika akamtazama kama mtu anayeona kazi imekuwa rahisi mno.

Mchungaji alikuja na kofia mkononi. Alitazama vitanda viwili, akakosa pa kukaa, akabaki amesimama katikati.

"Alikuja, mchungaji," Tayari alisema. "Alikuja sikuwa tayari."

"Nani alikuja? Huyu, au yule mwingine?"

Tayari alifikiri, akaumwa hata kwa kufikiri.

"Sijui. Naona walikuja pamoja."

Mchungaji aliguna. Aliomba kwa sauti ndogo, akawagusa wote wawili miguu, akaenda zake.

Tayari alipoweza kukaa, alivuta kiti akakiweka kando ya kitanda cha Winchi. Askari aliruhusu, kwa sharti mlango ubaki wazi. Kila siku alikaa hapo. Winchi alimtazama kwa macho yaliyovimba, yaliyojaa neno ambalo meno yalilifungia. Siku za kwanza aliogopa. Kila Tayari aliposogea kumwekea mrija alijibana ukutani. Baadaye akawa ananywa.

Mkewe alikuja na uji wa watu wawili bila kuambiwa. Alimwona mumewe kitini.

"Unafanya nini hapo, baba watoto?"

"Namngoja."

Mama yule alishtuka. Miaka mingi alikuwa amelisikia neno hilo kinywani mwa mumewe.

"Alikuja kunieleza jambo," Tayari alisema. "Nikamkata kabla hajamaliza. Namngoja amalize."

"Na likiwa baya?"

"Litakuwa baya. Jema mtu halibebi kutoka mbali namna ile na mguu mbovu."

Mkewe alimimina uji, akaketi kidogo ukingoni mwa kitanda, akamshika goti. Walikuwa hawajashikana muda mrefu.

Siku ya kufungua taya, muuguzi alikuja na sinia: pamba, bakuli, na koleo dogo la kukatia nyaya, lenye ncha kali. Alikata nyaya moja moja, akaziweka kwenye bakuli, kisha akaitwa wodi ya pili kwa mtu anayetapika damu, akaacha sinia juu ya kitanda na kukimbia. Winchi alifungua mdomo kidogo, akaufunga, akaufungua tena. Askari mlangoni alikuwa akizungumza na mfagiaji.

"Maji," Winchi alisema.

Tayari alimnywesha. Mengine yalimwagikia shingoni, akamfuta kwa shuka.

"Mdogo wako," Winchi alisema. Sauti ilikwaruza, maneno hayakuwa na kingo. "Alikuwa ananijua. Pigo la kwanza kweli nilidhani mwizi. Alipoanguka akaniita. Siyo Winchi. Aliniita jina langu la kwetu. Nikamtazama, nikamjua, nikajua hajaiba." Akavuta pumzi. "Watu wote walikuwa wananiangalia. Nikampiga tena. Hiyo ya pili ndiyo iliyomuua."

Damu ilimpanda Tayari mpaka jicho lililokufa likaanza kupwita. Sinia ilikuwa pale, na koleo juu yake, karibu na mkono wake wa kulia, chuma kizuri, kikali kweli, kisicholiwa na jiwe. Shingo ya Winchi ilikuwa nyembamba, na Winchi aliona Tayari anakotazama, lakini hakujibana ukutani.

"Utaniua?" aliuliza.

Tayari alinyoosha mkono akaichukua sinia nzima. Nyaya zikalia ndani ya bakuli. "Afande," aliita, na askari akageuka. "Chukua hii. Itoe humu ndani."

Askari aliingia, akaipokea bila kuelewa, akatoka nayo.

"Utaniua?" Winchi aliuliza tena.

"Sijui," Tayari alisema. Alikivuta kiti karibu zaidi, kwa sababu sauti ya yule mtu ilikuwa ndogo, akaweka mikono yote miwili juu ya shuka, mahali panapoonekana. "Bado hujamaliza. Alisema nini kingine?"

Winchi akalowanisha midomo, akaendelea.